Bilauri zatoka na madoa meupe mashineni? Anza na maji

Natunza nyumba za wageni hapa Malindi, na simu ninazopigiwa zaidi na wapishi ni za mashine ya kuoshea vyombo. "Bilauri zina ukungu, ninunue dawa gani ya kusuuzia?" Ngoja kwanza.

1. Lipime doa. Chovya kitambaa kwenye siki, usugue. Doa likitoka, hilo ni chokaa. Visima vyetu vingi vimechimbwa kwenye mwamba wa matumbawe, maji yake ni mazito kwa chokaa. Lisipotoka, bilauri yenyewe imechubuka na haina tiba. Punguza sabuni na joto, uokoe zilizobaki.

2. Angalia chumvi. Mashine nyingi za Ulaya zina tangi la chumvi chini, la kulainisha maji, yaani kuyaondolea chokaa. Tia chumvi ya mashine tu. Ya mezani ina iodini na dawa ya kuzuia isigande. Ya mawe kutoka Gongoni ni rahisi na iko karibu, najua, lakini ina magnesi na mchanga, na hilo tangi halivitaki. Chumvi ikiisha, hakuna dawa itakayokusaidia.

3. Ijue dawa yenyewe. Chupani mna maji mengi, viambato jamii ya sabuni visivyotoa povu jingi, asidi ya sitriki na rangi. Haisafishi chochote. Tone likisimama juu ya bilauri hukaukia papo hapo na kuacha chokaa yake. Dawa huyafanya maji yatandae na kutelemka yote. Mashine humwaga mililita chache tu kwenye suuzo la mwisho, na baada ya hapo hakuna suuzo lingine, kwa hiyo kidogo hubaki kwenye vyombo. Utafiti wa Zurich uliochapishwa 2022 ulionyesha kwamba viambato hivyo jamii ya sabuni vinaweza kudhuru seli za utumbo; zilizoangaliwa hasa ni mashine kubwa za mahoteli. Mimi huweka kitufe cha kiasi cha dawa kwenye namba ndogo kabisa, na huongeza tu madoa yakirudi.

4. Mbadala wa nyumbani. Siki usiitie kwenye kitundu cha dawa. Mimi niliitia miezi kadhaa, nikijiona mjanja, mpaka mpira ukalegea na maji yakafika sebuleni. Asidi ya sitriki, ule unga mweupe, itumie mara moja kwa mwezi: vijiko viwili vya chakula, mashine ikiwa tupu, maji ya moto. Ndimu haina nguvu ya kutosha, na nyama yake huziba chujio. Sabuni ya maji ya kuoshea kwa mkono ndiyo mbaya zaidi, povu litamwagika jikoni.

Kwa bilauri za wageni wakubwa, nazisuuza kwa mkono kwa maji ya mvua niliyokinga masika. Hayana chokaa. Zikaushe kwa kitambaa cha pamba.

5. Tahadhari. Siki au asidi ya sitriki usiichanganye kamwe na jiki: hutoa gesi ya klorini, inayochoma mapafu. Dawa ikiingia machoni, osha kwa maji mengi. Mtoto akiinywa, msuuze mdomo, usimtapishe, mpeleke hospitali na chupa yake mkononi.

Mashine ikimaliza, fungua mlango kidogo mvuke utoke. Hiyo haigharimu kitu, na hupunguza madoa.