Namna ya Kupanga Marejeleo katika Bibliografia Yenye Maelezo

Bibliografia yenye maelezo ni orodha ya marejeleo ambamo kila chanzo hufuatwa na aya fupi inayoeleza kinahusu nini, kina uzito gani na kinaufaa vipi utafiti unaofanywa. Wanafunzi wengi humaliza nguvu zao katika aya hiyo, na rejeleo lenyewe wakalinakili jinsi walivyolikuta mtandaoni. Hilo ni kosa, kwa kuwa rejeleo ndilo linalomfikisha msomaji kwenye chanzo, na likikosewa, maelezo yaliyo chini yake hayana cha kushikilia.

Amua mtindo, yaani seti ya kanuni za kuandika marejeleo, kabla hujaandika ingizo la kwanza (rejeleo pamoja na maelezo yake). Inayotumika sana ni APA (wa Chama cha Wanasaikolojia cha Marekani), ambao toleo lake la 7 ni la mwaka 2020, MLA (wa Chama cha Lugha za Kisasa cha Marekani), ambao toleo lake la 9 ni la 2021, na Chicago (wa Chuo Kikuu cha Chicago), ambao toleo lake la 18 lilitoka 2024. Ukipewa mwongozo na mhadhiri au idara, huo ndio unaotangulia. Rejeleo la bibliografia ya aina hii halina kanuni za peke yake: huandikwa vilevile kama ambavyo lingeandikwa mwishoni mwa tasnifu, na kinachoongezeka ni aya ya maelezo tu.

Kwa kitabu cha mwandishi mmoja, APA hutaka umbo hili:

Jina la ukoo, H. (Mwaka). Kichwa cha kitabu. Mchapishaji.

MLA hukipanga kitabu hichohicho hivi:

Jina la ukoo, Jina la kwanza. Kichwa cha Kitabu. Mchapishaji, mwaka.

Katika mitindo yote miwili kichwa cha kitabu huwa katika herufi za mlazo. Tofauti ziko kwingine: APA hufupisha jina la kwanza kuwa herufi moja, huuweka mwaka mara baada ya mwandishi, na hutumia herufi kubwa mwanzoni mwa kichwa, mwanzoni mwa kichwa kidogo na katika majina maalumu tu. Mji wa uchapishaji hauandikwi tena katika toleo la 7, ingawa miongozo ya zamani inayozunguka mitandaoni bado inauonyesha. Kwa makala ya jarida, kichwa cha makala hubaki katika herufi za kawaida bila alama za kunukuu, ilhali jina la jarida na namba ya juzuu huwa za mlazo. MLA, kinyume chake, hukifunga kichwa cha makala ndani ya alama za kunukuu.

Sehemu inayowasumbua watu zaidi ni ujongezaji. Mstari wa kwanza wa rejeleo huanzia pambizoni, na mistari inayofuata huingia ndani kwa inchi 0.5, yaani sentimita 1.27. Usiisogeze kwa kubonyeza kitufe cha nafasi, maana ukibadilisha neno moja tu mpangilio wote utavurugika. Katika Microsoft Word, chagua rejeleo kisha bonyeza Ctrl na T. Maelezo huanza katika aya mpya chini ya rejeleo. Kwa APA aya hiyo nzima, pamoja na mstari wake wa kwanza, huingia ndani kwa inchi 0.5; kwa MLA huingia inchi 1. Hapa kuna mtego: ukibonyeza Enter baada ya rejeleo, programu huendeleza mpangilio uleule, na mstari wa kwanza wa maelezo hurudi pambizoni. Ondoa kwanza mpangilio huo, ndipo uijongeze aya yote. Nafasi kati ya mistari huwa maradufu kotekote, bila mstari mtupu wa ziada kati ya ingizo na ingizo.

Maingizo hupangwa kialfabeti kwa jina la ukoo, na chanzo kisicho na mwandishi hupangwa kwa kichwa chake. Kazi za mwandishi mmoja, kwa APA, hutangulizwa iliyo ya zamani zaidi. Zikiwa za mwaka mmoja, mwaka huongezewa herufi, kama 2019a na 2019b. APA hulirudia jina kila mara, lakini MLA huweka vistari vitatu mahali pake.

Ndani ya maelezo huna haja ya kukitaja tena kwa mabano chanzo unachokieleza, kwa sababu kinajulikana tayari. Ukitaja chanzo kingine, kirejelee kama kawaida.

Programu za kukusanya na kupanga marejeleo kama Zotero na Mendeley huokoa muda mwingi, ila huchukua taarifa jinsi tovuti ilivyoziandika, hata majina yakiwa yote kwa herufi kubwa au jina la ukoo likiwa limebadilishana nafasi na jina la kwanza. Linganisha kila ingizo na ukurasa wa kichwa wa kazi yenyewe. Namba ya DOI, yaani kitambulisho cha kudumu cha kazi mtandaoni, iandike kama kiungo kamili kinachoanza na https://doi.org/, na kwa APA usiweke nukta mwishoni mwake, kisha ukifungue kila kiungo uone kama kinafika kwenye kazi uliyoitaja.