Kumrudisha samoni mtoni akiwa hai

Kwenye mito ya Uskoti kama Dee na Spey, samoni wengi wanaovuliwa kwa ndoana hurudishwa majini. Cha kuogopa kwanza ni joto. Pima maji kabla ya kurusha mshipi: yakikaribia nyuzi 20 za Selsiasi, funga vifaa urudi nyumbani. Maji yenye joto hubeba oksijeni kidogo, na samaki aliyechoka ndiyo anayoihitaji.

Tumia ndoana moja, chembe yake, yaani kijino kinachozuia ndoana isichomoke, imebanwa kwa koleo. Mshipi uwe imara ili umlete upesi. Mvutano mrefu humjaza asidi misulini. Mwopoe kwa wavu wa mpira usio na mafundo, kisha umwache humohumo majini. Lowesha mikono: mkono mkavu hubandua ute, na hapo ndipo ukungu huanzia. Usimning'inize kwa mkia, usiguse matamvua anayopumulia. Picha? Sekunde 10 nje ya maji, basi. Ndoana iliyomezwa usiivute. Kata mshipi karibu na mdomo.

Mshikilie kichwa kikielekea mkondo unakotoka. Usimsukume mbele na nyuma, maana maji yakipita matamvua kinyumenyume hayamsaidii. Akipiga mkia kwa nguvu, mwachie.