Kabla hujahamia mji mdogo wa Uhispania: mambo ya kuweka sawa mapema

Kila wiki kuna mtu ananiuliza nibebe nini nikija huko, na mimi jibu langu ni lilelile, kabla ya begi kaa na saa yako kwanza. Niko Antequera, mji wa watu kama elfu arobaini mkoa wa Málaga, ndani huku mbali na bahari, na kwa mtu aliyekulia Tanga nakwambia ukweli kilichonitesa mwezi wa kwanza ni saa.

Sisi jua linachomoza saa kumi na mbili linazama saa kumi na mbili na hesabu yote tunaanzia hapo. Huku hiyo hesabu inakufa. Mwezi wa sita jua linazama karibu saa nne kasorobo usiku, yani nasema usiku lakini ni kweupe watoto wanapiga mpira uwanjani, halafu Desemba saa mbili asubuhi bado giza na watu wako njiani kwenda kazini. Ukiangalia ramani Uhispania iko mstari mmoja wa kaskazini-kusini na Uingereza, ila mwaka 1940 enzi za dikteta wao Franco saa zilisogezwa mbele zikaenda sawa na za Ujerumani, na hazijarudishwa mpaka leo. Sasa weka juu yake ratiba ya kula. Maduka madogo yanafunga saa nane mchana, yanafungua tena saa kumi na moja au na nusu, chakula cha mchana ni saa nane mpaka tisa na kitu, cha usiku saa tatu mpaka saa nne. Mimi siku ya pili niliingia mgahawa saa moja jioni nina njaa ya safari, jiko limezimwa, nikaletewa kibakuli cha zeituni na maji. Supamaketi kubwa hazifungi mchana ila Jumapili nyingi ziko kimya, kwa hiyo usifike Jumamosi usiku ukategemea utanunua vitu kesho yake, beba hata pakiti ya biskuti na majani ya chai.

Na salamu nazo zinafata tumbo. Nilikuwa nasema buenas tardes, salamu yao ya mchana, ikifika saa saba kama nilivyojifunza kwenye simu, mama wa duka la mkate akacheka akaniambia mwanangu mimi bado sijala, yani asubuhi kwao haiishi mpaka mtu apate chakula cha mchana. Tangu hapo na mimi naangalia kama nimekula ndio nasalimia.

Haya, makaratasi. Hapa usifanye mzaha kwa sababu karatasi ikikosekana huku kuipata ni lazima umtume ndugu apange foleni nyumbani. Cheti cha kuzaliwa, cheti cha ndoa kama unayo, cheti cha polisi cha tabia njema, vyeti vya shule, vyote vihalalishwe kabla hujapanda ndege. Mimi Mtanzania ilibidi nipate mhuri wa Wizara ya Mambo ya Nje halafu mhuri wa ubalozi wa Uhispania, wa kwetu upo Dar, Wakenya wana wa kwao Nairobi. Burundi na Rwanda wameingia kwenye mkataba wa apostille, mhuri mmoja unaokubalika nchi zote za mkataba, kwa hiyo njia yao ni fupi kidogo. Halafu tafsiri lazima ifanywe na mtafsiri aliyeapishwa, wenyewe wanamuita traductor jurado, ile ya binamu yako anayejua Kihispania haikubaliki hata iwe nzuri namna gani. Na usikimbilie kuchukua cheti cha polisi mapema sana, kinazeeka, wanataka kipya.

Viza inategemea unakuja kufanya nini. Kuna ya masomo, ya kazi, ya kuungana na familia, kuna ile ya kufanya kazi kwa mbali iliyoanza na sheria ya mwaka 2022, na ile ya mtu mwenye pesa zake asiyefanya kazi. Hiyo ya mwisho wanapima kwa kipimo chao kiitwacho IPREM ambacho ni euro 600 kwa mwezi tangu 2023, mwombaji anatakiwa aonyeshe mara nne yake, yani euro 2,400 kila mwezi, na kila mtegemezi anaongeza IPREM moja. Ukishafika una mwezi mmoja wa kuomba kadi ya ukaazi, TIE, ndio ina alama zako za vidole na namba ya mgeni ambayo utaitaja mpaka uiote. Picha zake ni ndogo, milimita 32 kwa 26, zile za pasipoti za kwetu hazifai, pigia hukuhuku.

Ila kabla ya kadi nenda ofisi ya mji, ayuntamiento, ujiandikishe kwamba unaishi hapo. Karatasi hiyo inaitwa padrón na bila hiyo daktari wa kituo cha afya humpati, mtoto shule hapati. Kwa hiyo unapotafuta nyumba swali la kwanza muulize mwenye nyumba kama ataruhusu uandikishwe pale, wengine wanakataa na wewe unagundua ushalipa. Amana ya kisheria ni kodi ya mwezi mmoja ingawa wanaweza kukuomba dhamana nyingine juu yake, na tangu sheria ya nyumba ya 2023 ada ya dalali kwenye mkataba wa makazi ya kudumu analipa mwenye nyumba, kariri hiyo.

Ofisi zote ni kwa miadi, cita previa, unaikata mtandaoni. Mimi nilikaa wiki tatu nafungua ukurasa wa ofisi moja (siitaji) unaniambia hakuna nafasi, hakuna nafasi, mpaka jirani akaniambia fungua asubuhi mapema kabla watu hawajaamka, nikapata siku hiyohiyo. Sijui kama ni kanuni au bahati yangu.

Pesa usihofu sana. Wana kitu kinaitwa Bizum, kimeanza 2016, unatuma pesa kwa namba ya simu mara moja inafika, ukitoka kwenye M-Pesa utacheka ukidhani umerudi nyumbani, tofauti ni kwamba lazima uwe na akaunti ya benki, wakala wa kibandani hakuna. Plagi za umeme ni za miguu miwili ya mviringo, pasi yako ya pini tatu haiingii, nunua adapta mbili tatu. Gesi kwenye nyumba nyingi za zamani ni mtungi, wa rangi ya machungwa, kilo kumi na mbili na nusu, na yule jamaa wa gari la gesi akipita usipomwahi utaoga maji ya baridi.

Na baridi yenyewe sasa. Watu wakisikia Uhispania wanafikiria pwani na nguo za kuogelea, ila Antequera iko juu, zaidi ya mita 500, Januari usiku barafu inaganda kwenye vioo vya magari. Tena nyumba zimejengwa kwa ajili ya joto, sakafu ya marumaru, kuta nene, ndani kunakuwa na baridi kuliko nje wallahi. Dawa yao ni meza ya duara iliyovikwa kitambaa kizito mpaka sakafuni, chini yake kuna hita, mnakaa mnaizunguka mnajifunika kitambaa mapajani, miguu inaiva mgongo unaganda. Wanaiita mesa camilla, na neno mesa hilo ni ndugu wa meza yetu tuliyoachiwa na Wareno. Zamani chini walikuwa wanaweka makaa, na bibi wa ghorofa ya chini bado analo hilo jiko la shaba ameliweka kama pambo. Ukikuta nyumba bado wanatumia makaa fungua dirisha, wewe unajua habari ya jiko la mkaa chumbani. Beba soksi nzito na kanzu ya kulalia, blanketi nunua huku. Kiangazi ni kinyume chake, joto linafika arobaini, na hapo usahau ile tabia ya pwani ya kufungua madirisha upepo upite, mchana unafunga kila kitu na kushusha mapazia ya mbao, unafungua usiku tu.

Lugha jifunze kidogo kabla, hata miezi mitatu, mji mdogo Kiingereza hakikusaidii kwa fundi bomba. Msemaji wa Kiswahili ana bahati, irabu zao ni zilezile tano, na ñ ni ny ya nyanya. Halafu Waarabu walitupitia sote, zeituni wanaita aceituna, sukari ni azúcar, fulani ni fulano, hata yetu ni hasta yao, na alcalde, yule meya, ametoka kwenye kadhi. Shida ni lafudhi ya Andalusia, jimbo letu hili, herufi s ya mwisho wanaimeza, usipopata neno omba warudie hawachukii.

Kwenye chumba cha kusubiri daktari au duka la samaki hutaona mstari. Unaingia, unasalimia wote kwa sauti, unauliza quién es el último, nani wa mwisho, mtu anainua kidole, basi wewe uko nyuma yake, na anayekuja baada yako atakuuliza wewe. Usipouliza utakaa mpaka jioni.

Kwa Waislamu, na hata asiyekula nguruwe kwa sababu zake, ukisema sin carne, bila nyama, wanaweza kukuletea maharage machanga yenye vipande vya jamón, paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, juu yake maana kwao hiyo haihesabiki nyama. Sema sin cerdo, bila nguruwe, sin jamón, taja kwa jina. Hata porra, ule uji baridi mzito wa nyanya na mkate ambao ndio fahari ya hapa, juu yake wanamwaga yai na jamón, omba wakuwekee jodari. Kifungua kinywa hakina tabu, mkate laini wa mollete, mafuta ya zeituni na nyanya. Unga wa ugali tafuta ule wa polenta, unga wa mahindi uliokwisha kupikwa unaouzwa kwa ajili ya arepa, vile vimkate vya mahindi vya Amerika Kusini, unakuwa kitu kingine kabisa. Vitu vya nywele beba vya miezi sita.

Kusafiri kutoka hapa ni raha, treni zinakwenda Málaga, Sevilla, Córdoba, Granada, Madrid. Ila kuna stesheni mbili za treni za kasi. Santa Ana ya 2006 iko shambani kama kilomita kumi na saba nje ya mji, ile nyingine ilifunguliwa 2023 na iko mjini. Mimi nilikata tiketi bila kusoma nikashushwa Santa Ana saa nne usiku, teksi ikanila pesa kuliko treni. Leseni ya kwetu unaendeshea miezi sita ya kwanza baada ya kuwa mkaazi, baada ya hapo mimi ilibidi nianze shule ya udereva upya. Na kama kadi yako iko kwenye kuhuishwa usiende msiba nyumbani bila kuulizia kwanza habari ya kibali cha kurudi, autorización de regreso, usije ukakwama uwanja wa ndege.

Wiki ya Pasaka kuna maandamano ya kanisa, mwambie mtoto mapema kuhusu wale waliovaa kofia ndefu zenye ncha na uso umefunikwa, ni mavazi ya toba ya tangu zamani, hayana uhusiano na wale wabaguzi wa Marekani, Ku Klux Klan. Hapa Antequera wana kituko chao, wakikaribia mwisho wanabeba sanamu nzito za kanisa mabegani wanapandisha kilima mbio, na mji mzima unakimbia nyuma yao. Vaa raba.

Kitu cha mwisho nunua ukifika, kiti cha kukunja. Kiangazi ikifika saa nne usiku majirani wanatoa viti mlangoni wanapunga upepo na kusema watu, baraza kamili. Wiki nzima ya kwanza nilikuwa nachungulia dirishani nikidhani ni mkutano wa ukoo, mpaka yule bibi wa jiko la shaba akagonga mlango kwa fimbo akauliza kiti changu kiko wapi.