Kubadilisha kioo cha nyuma cha gari la kifahari adimu, hatua kwa hatua

Kwenye gari la kawaida kioo cha dirisha la nyuma kikivunjika hubadilishwa na kazi ikaisha siku hiyohiyo. Gari lililotengenezwa kwa idadi ndogo lina shida yake: kioo chenyewe ndicho kigumu kupatikana, na ukishakipata huenda hakuna cha pili. Kwa hiyo kila kinachoweza kupimwa kipimwe kioo kikiwa bado mezani, kabla gundi haijagusa bodi. Maelezo haya yanahusu zaidi kioo kilichobandikwa kwa gundi ya yurethani, ile nzito ya kubandikia vioo vya magari. Kioo kinachoshikwa na raba, kama ilivyo kwenye magari mengi ya zamani, kina sehemu yake huko chini.

Hatua ya 1: Ziba tundu lililoachwa na kioo

Piga picha kwanza: kingo zote nne, mapambo ya kromu, mahali nyaya zinapoingilia, na hali ya rangi. Picha hizo utazihitaji kwa bima, na utazihitaji tena siku ya kurudisha vitu mahali pake.

Funika tundu kwa nailoni nene na uishike kwa utepe wa karatasi, ule wa mafundi wa rangi. Utepe wa kufungia maboksi ukikaa juani siku mbili hung'oa rangi, hasa kama gari lilishawahi kupakwa upya. Usisafiri na gari likiwa hivyo. Gari likienda, hewa ya nyuma yake huzunguka na kuvuta moshi wa ekzosi hadi ndani, na kaboni monoksidi haina harufu ya kukushtua.

Hatua ya 2: Kitambue kioo kabla ya kukitafuta

Usitupe vipande vyote. Tafuta kile chenye maandishi, ambayo kwa kawaida huwa kwenye kona ya chini. Herufi E ndani ya duara pamoja na namba huonyesha nchi iliyoidhinisha kioo: E1 ni Ujerumani, E2 Ufaransa, E3 Italia, E4 Uholanzi, E11 Uingereza. Kando yake utaona 43R, kanuni ya kimataifa ya vioo vya magari. Vioo vya soko la Marekani huandikwa DOT na alama kama AS2.

Kioo kikiwa kimesambaratika kuwa punje ndogo zisizo na makali marefu, kilikuwa kimekazwa kwa moto. Kikiwa na nyufa lakini bado kimeshikana, ni cha matabaka mawili yenye plastiki katikati, na magari kadhaa ya kifahari hutumia aina hii nyuma pia ili kupunguza kelele. Usichanganye aina hizi mbili, kwa kuwa zinaamua unachoweza kutengenezesha. Kioo kilichokazwa hakikatwi wala hakitobolewi baada ya kukazwa. Ukijaribu kitapasuka chote. Kioo cha matabaka kinaweza kupindwa kwenye kalibu na kukatwa kwa kipimo hata kikihitajika kimoja tu, na ndiyo maana karakana za vioo vya magari ya kale hupendelea kukitengeneza.

Sasa andika sifa zake zote: rangi ya kioo, nyaya za kupasha joto na idadi ya mistari yake, antena iliyochapwa ndani, tundu la taa ya tatu ya breki, ukanda mweusi wa pembeni. Namba ya chasisi pekee ndiyo inayotoa namba sahihi ya kipuri, kwani jina la modeli halitoshi. Mfano mzuri ni Rolls-Royce Silver Wraith II: ni ndugu mrefu wa Silver Shadow, lakini dirisha lake la nyuma ni dogo zaidi. Anayeagiza kwa kusema "Shadow ndefu" anaweza kuletewa kioo kisichoingia.

Upande wa pili, gari pacha linaweza kukuokoa. Bentley T ilitumia bodi ileile ya Silver Shadow, na Toyota Celsior ya kwanza ni Lexus LS 400 yenye jina la soko la Japani. Lakini magari kutumia jukwaa moja, yaani muundo uleule wa chini, hakumaanishi kuwa vioo ni vilevile. Bentley Continental Flying Spur na Volkswagen Phaeton vilishirikiana jukwaa, ila bodi ni tofauti kabisa. Linganisha namba za vipuri na vipimo, usilinganishe uvumi.

Hatua ya 3: Fungua ndani na usafishe

Tenganisha betri, kisha subiri muda ambao kitabu cha gari kinataka kabla ya kugusa mapambo ya nguzo za nyuma. Huenda nyuma yake kuna eabagi za pazia, yaani mifuko ya hewa inayoshuka kando ya madirisha, na mfumo wake hubaki na umeme kwa muda hata betri ikiwa imetolewa.

Toa kibao cha nyuma ya viti, mapambo ya nguzo, na pazia la jua la umeme kama lipo. Hilo pazia ndilo watu hulisahau. Punje za kioo huingia kwenye reli yake, na siku ya kwanza mtu akibonyeza swichi, meno ya gia ya plastiki hukatika. Lisafishe likiwa nje ya gari na ulisogeze kwa mkono kabla ya kulipa umeme.

Fyonza punje kwa mashine yenye mdomo wa plastiki. Kwenye ngozi usipanguse kwa kitambaa, maana kila punje inageuka kisu. Ziokote kwa upande wa gundi wa utepe. Kagua spika, magurudumu ya mikanda ya usalama, na mifereji ya maji ya buti. Punje zikiziba mfereji mmoja, mvua ijayo itajaza buti, na utamlaumu fundi wa kioo bila sababu.

Hatua ya 4: Kata gundi ya zamani

Vipande vilivyobaki kwenye fremu hukatwa pamoja na gundi yake kwa kisu chenye wembe mpya. Usikwangue hadi chuma. Acha tabaka la gundi ya zamani lenye unene wa milimita 1 hadi 2, kwa sababu gundi mpya hushika gundi iliyokatwa leo vizuri zaidi kuliko inavyoshika rangi. Kata siku ileile ya kubandika, na ukishakata usiguse kwa vidole. Mafuta ya ngozi yanatosha kuharibu mshiko.

Ukikwaruza rangi hadi chuma kikaonekana, weka praima ya chuma (rangi ya kwanza ya kukinga) hapohapo, hata kama mkwaruzo ni mwembamba kama unywele. Ukikuta kutu, kazi ya kioo inasimama. Piga msasa hadi chuma king'ae, weka praima ya epoksi, paka rangi, na uiache ikauke kwa muda wote uliotajwa na mtengenezaji. Gundi ya yurethani ikiwekwa juu ya rangi mbichi itashika rangi vizuri sana, kisha rangi ndiyo itakayobanduka.

Bodi ya alumini, kama ya Rolls-Royce Phantom za kuanzia 2003, inataka gundi isiyopitisha umeme. Gundi nyingi nyeusi zina kaboni inayopitisha umeme kidogo, na hilo huchochea ulikaji wa alumini na kudhoofisha antena iliyo ndani ya kioo. Andiko la "isiyopitisha umeme" litafute kwenye karatasi ya bidhaa, usimuulize muuzaji tu.

Hatua ya 5: Pima kila kitu mezani

Laza kioo juu ya blanketi. Kwanza pima nyaya za kupasha joto kwa multimita, kutoka ncha hadi ncha. Nyaya zikiwa nzima, upinzani ni mdogo sana, ohm 1 hivi au chache zaidi. Kisha zipe volti 12 kupitia fyuzi na upime volti katikati ya kila mstari: unapaswa kuona karibu 6. Mstari unaoruka kutoka 12 hadi 0 ghafla umekatika hapo hapo, na rangi ya fedha inayopitisha umeme huuziba. Kiunganishi kilichong'oka kirudishe kwa gundi ya fedha inayopitisha umeme. Chuma cha kuchomelea risasi kikipasha joto sehemu moja ghafla kinaweza kukipasua kioo.

Pili, kipachike kikavu. Watu wawili wakibebe kwa vikombe vya kunyonya, wakiweke kwenye fremu juu ya vipande vya raba vya kukitegemeza, na waangalie nafasi pande zote. Magari yaliyoundwa kwa mkono hutofautiana kwa milimita kadhaa, hata kati ya mawili ya mwaka mmoja. Kioo kikigusa chuma kona moja, usikilazimishe kwa kutumaini gundi itarekebisha. Kitapasuka usiku wa kwanza wa baridi au kwenye shimo la kwanza barabarani. Mapambo ya kromu nayo yajaribishwe sasa.

Mkao ukikubalika, bandika vipande vinne vya utepe kutoka kwenye kioo hadi kwenye bodi, kisha vikate kwa wembe kwenye mwanya. Siku ya kubandika utaviunganisha tena na kioo kitarudi palepale.

Kioo cha kutengenezesha mara nyingine huja bila ukanda mweusi wa pembeni. Ukanda huo si urembo, unaikinga gundi na jua. Ukikosekana, paka praima nyeusi inayozuia miale ya jua, au hakikisha mapambo yanafunika upana wote wa gundi.

Hatua ya 6: Gundi

Hesabu kwanza. Mstari wa pembetatu wenye kitako cha milimita 10 na urefu wa milimita 14 hula mililita 70 kwa kila mita. Kioo cha sentimita 130 kwa 65 kina mzunguko wa mita 3.9, yaani mililita 273. Mrija wa mililita 310 unatosha kwenye karatasi. Kwenye kazi halisi nunua miwili, kwa kuwa kukatikiwa na gundi katikati ya mzunguko ni kuanza upya. Angalia tarehe ya mwisho ya matumizi. Usitumie silikoni ya madirisha ya nyumba. Haina nguvu hiyo, na mabaki yake huzuia yurethani isishike milele.

Safisha ukingo wa kioo kwa pombe ya isopropili, paka kiamsha (kimiminika cha kuandaa kioo kishike gundi) na praima ya kioo kwa mpangilio wa mtengenezaji, kisha subiri muda wake. Tumia bidhaa za kampuni moja kuanzia kiamsha hadi gundi. Kama kioo ni cha mtumba na bado kina gundi ya zamani iliyoshika vizuri, ipunguze hadi milimita 1 na ubandike juu yake.

Kata mdomo wa mrija kwa umbo la V, ushike wima, na uvute mwendo mmoja usiobadilika. Anzia katikati ya ukingo wa juu na umalizie hapo. Kona ndiko viungo hufunguka, na ukingo wa chini ndiko maji hutuama. Pale mwanzo na mwisho vinapokutana, vikandamize viwe kitu kimoja kwa kijiti.

Gundi huanza kufanya ngozi baada ya dakika 10 hivi, na joto pamoja na unyevunyevu hufupisha muda huo. Kwa hiyo kioo kiingie mara moja, kwa kufuata tepe. Kibonyeze kwa viganja, usikipige. Kifunge kwa tepe mpya, na acha dirisha moja la mlango wazi kidogo: mlango ukifungwa kwa nguvu na vioo vyote vimepandishwa, hewa ya ndani husukuma kioo kipya kabla gundi haijashika.

Muda wa kuliendesha gari umeandikwa kwenye mrija, na hutofautiana kuanzia saa moja hadi siku nzima. Yurethani hukauka kwa unyevu wa hewa, milimita 3 au 4 hivi kwa siku, kutoka nje kuelekea ndani, hivyo hewa kavu na baridi huchelewesha.

Kioo cha raba

Nunua raba mpya. Ya zamani ikishakuwa ngumu haifai kurudishwa hata ikionekana nzima. Ivishe kwenye kioo. Kama gari lako lina kromu inayokaa ndani ya raba, mengi hutaka iingizwe sasa, kwa sababu baadaye haitaingia bila kupinda. Zungusha kamba laini ya milimita 4 au 5 kwenye mfereji wa raba unaopanda juu ya fremu, ncha zake zipishane sentimita 20 katikati ya ukingo wa chini. Pakaza maji ya sabuni, usitumie grisi wala mafuta, kwa kuwa huivimbisha raba. Mmoja abonyeze kwa nje, mwenzake avute kamba ndani polepole, na mkono wa nje ufuate palipo kamba. Kona zikigoma, rudi nyuma na uongeze sabuni. Nguvu za ghafla hapa ndizo huvunja vioo.

Hatua ya 7: Kujaribu maji

Subiri saa 24. Mwaga maji ya mpira bila shinikizo, kuanzia chini kupanda juu, huku mtu akiwa ndani na tochi kabla mapambo hayajarudishwa. Mashine ya shinikizo iache kwa siku kadhaa. Tone likionekana, weka alama mahali maji yanapoingilia, si yanapodondokea, kwa kuwa hutembea kando ya fremu. Pengo dogo kwenye yurethani hujazwa kwa yurethani ileile baada ya kukausha na kusafisha. Kisha unganisha nyaya na antena, rudisha pazia na nguzo, na betri iwe ya mwisho.