Gemu ya zamani kwenye Windows mpya: uliza kwanza ni ya mwaka gani

Tangu Microsoft ilipoacha kuhudumia Windows 10, tarehe 14 Oktoba 2025, meza yangu ya kazi hapa Kamalondo, Lubumbashi, imejaa kompyuta za watu waliohamia Windows 11. Wanaleta mambo ya Word, wanaleta mambo ya printa, lakini kuna sauti moja inayorudi kila wiki, mara nyingi ya kijana aliyeshika machine kifuani: "Yaya, machine inakatala gemu."

Namuuliza: gemu ni ya mwaka gani? Wengi hawapendi swali hilo, wanataka nianze kubofya. Lakini mwaka ndio unaonionyesha ugonjwa. Gemu ya 1989 na gemu ya 2005 zote zinaweza kukataa kufunguka, kila moja kwa sababu yake, na dawa ya hii haitibu ile. Ukijua mwaka umeokoa saa nyingi na mega nyingi.

Kabla ya kugusa chochote, nakili folda nzima ya gemu kwenye flashi. Kisha tengeneza folda yako, mfano C:\Gemu, na uziweke humo. Usiziweke ndani ya « Programmes ». Tangu Windows Vista ya 2007, programu haziruhusiwi kuandika humo hovyo, na gemu za zamani zina tabia ya kuhifadhi maendeleo ya mchezaji palepale zilipo. Windows inayahamisha kimya kimya kwenye folda iliyofichwa, AppData\Local\VirtualStore. Mtoto amecheza likizo nzima, mzazi anahamishia gemu kwenye kompyuta nyingine, na maendeleo yote hayaonekani. Kama yamekupotea, katafute humo kwanza.

Sasa gemu za DOS, mfumo wa kuandika amri uliotangulia Windows, yaani karibu zote za kabla ya 1995: Prince of Persia, iliyofika kwenye DOS 1990, Doom ya 1993 na wenzao. Windows 11 haina DOS ndani yake, kwa hiyo usihangaike na mipangilio. Chukua DOSBox, programu ya bure iliyoanza 2002. Inaiga kompyuta nzima ya enzi hizo, pamoja na kadi ya sauti ya Sound Blaster. Kisakinishi chake hakifiki mega 2.

Hapa ndipo miongozo mingi inapowaacha watu wetu njiani. Inakuambia uandike mount c c:\Gemu, amri inayoifanya folda yako iwe diski C ya DOSBox, basi. Lakini kompyuta nyingi za hapa zimetoka Ubelgiji au Ufaransa, vibao vyake ni AZERTY, na DOSBox mara nyingi inavisoma kama QWERTY. Unabonyeza A, inatokea Q. Nukta mbili huioni, mkwaju wa nyuma (\) huuoni, na mtu anahitimisha kwamba programu ni mbovu. Si mbovu. Njia rahisi kuliko zote: shika faili ya gemu kwa kipanya, kwa mfano PRINCE.EXE, uiburute na kuiachia juu ya alama ya DOSBox. Gemu inafunguka bila kuandika herufi hata moja.

Ukitaka ifunguke hivyo kila siku, nenda kwenye menyu ya kuanzia, ufungue faili ya « Options » ya DOSBox. Itafunguka kwenye Bloc-notes, ambamo kibao chako kinafanya kazi kama kawaida. Tafuta mstari wa keyboardlayout, uweke fr au be badala ya auto. Halafu shuka mpaka mwisho kabisa, chini ya [autoexec], uongeze:

mount c c:\Gemu\PRINCE
c:
PRINCE

Ikienda polepole, bonyeza Ctrl na F12 kuipa kasi; ikikimbia mno, Ctrl na F11. Kipanya kikinaswa ndani ya dirisha, Ctrl na F10 inakiachia. Kwenye laptopu nyingi utalazimika kushikilia Fn pia.

Kundi la pili ni gemu za Windows 3.1 na zile za katikati ya miaka ya 1990. Hizo ni za biti 16, yaani maagizo yake ni ya aina ya zamani. Windows 10 ilikuwa na toleo la biti 32 lililoweza kuziendesha. Windows 11 ipo ya biti 64 tu, na humo zinagonga ukuta: « Cette application ne peut pas s'exécuter sur votre PC ». Hakuna kitufe ndani ya Windows kitakachobadilisha hilo. Kuna programu ndogo ya bure iitwayo winevdm, na mimi naitegemea: inatafsiri maagizo ya biti 16 ili Windows ya leo iyaelewe. Angalia pia jambo moja: mara nyingi gemu yenyewe ni ya biti 32 na ni kisakinishi chake tu kilicho cha biti 16. Ukiikuta imeshasakinishwa kwenye kompyuta ya zamani, kunakili folda yake mara nyingi kunatosha.

Kundi la tatu linaniumiza, kwa sababu ni watu waliolipa kihalali. Gemu nyingi za CD kuanzia mwisho wa miaka ya 1990 zilifungwa kwa kinga dhidi ya kunakiliwa iitwayo SafeDisc, na kinga hiyo ilitumia draiva ya secdrv.sys. Draiva hiyo ina tundu la usalama, kwa hiyo Windows 10 ilipotoka 2015 iliikataa, na Windows 11 vilevile. Unaweka CD halisi, inazunguka, hakuna kinachotokea. Usikimbilie faili za kuvunja kinga zinazopita kwenye flashi sokoni. Kompyuta nyingi zenye virusi zinazonifikia ziliingiliwa kwa njia hiyo. Tafuta kwanza sasisho la mwisho la mtengenezaji mwenyewe, maana baadhi yao waliiondoa kinga humo. Ukiwa na kadi ya benki inayolipa mtandaoni, angalia GOG, duka la Poland lililoanza 2008: linauza gemu za zamani zisizo na kinga na zilizokwisha kurekebishwa, na mara kwa mara bei inashuka sana.

Gemu za takriban 1998 hadi 2008 ndizo nyingi zaidi Lubumbashi, na habari njema ni kwamba hizi zinatibika. Ukisoma kwamba faili ya d3dx9 yenye namba fulani « est introuvable », usipakue faili hiyo moja kutoka tovuti usiyoijua. Windows 11 ina DirectX 12, mafaili ya Microsoft yanayoendesha picha na sauti za gemu, ila faili hizo za zamani hazimo. Pakua kifurushi cha Microsoft cha DirectX cha Juni 2010, karibu mega 96. Kitakuuliza pa kujifungua: kipe folda tupu, kwa sababu kinamwaga faili chungu nzima. Kisha fungua DXSETUP ndani yake. DirectX 12 yako haiguswi. Mimi ninacho kwenye flashi ya kazi daima, na nakushauri ukipakue mara moja ugawie jirani.

Gemu ikikuomba DirectPlay, sehemu ya zamani ya DirectX ya kucheza kwa mtandao, ingia « Activer ou désactiver des fonctionnalités Windows », fungua « Composants hérités », uiwekee alama. Ikifunguka na kufa papo hapo, bofya kulia juu ya faili yake, « Propriétés », « Compatibilité », uchague Windows XP. Nenda hatua kwa hatua, ukijaribu kila badiliko peke yake. Ukiweka alama kote hutajua ipi imesaidia.

Rangi zikichafuka, nyasi zikawa zambarau kama inavyotokea kwenye Age of Empires II ya 1999, tatizo ni utaratibu wa rangi 256. Pakua cnc-ddraw, programu ndogo ya kurekebisha picha, uweke ddraw.dll yake ndani ya folda ya gemu. Kwa gemu za 3D zenye picha nyeusi au zinazopepesa, tumia dgVoodoo2, programu inayotafsiri picha za zamani kwa kadi za leo: nakili faili za folda yake ya MS\x86 kando ya faili ya gemu. Na kama mchezaji hatembei kwa W, A, S, D, bonyeza Windows na espace ili kuhamia QWERTY, baada ya kukiongeza kibao hicho kwenye mipangilio.

GTA San Andreas, toleo la kompyuta la 2005, inastahili maelezo yake. Ikikataa kufunguka, futa gta_sa.set kwenye folda ya « GTA San Andreas User Files » ndani ya Documents. Unapoteza mipangilio tu, maendeleo yanabaki. Acha kizuizi cha idadi ya picha kwa sekunde kikiwa kimewashwa, la sivyo mwendo wa gemu unaharibika. Na wanaolalamika kwamba Skimmer, ndege inayotua majini, imetoweka tangu sasisho la Windows 11 liitwalo 24H2, wana haki. Mtaalamu ajulikanaye kama Silent alichimba akakuta kwamba faili ya vehicles.ide haikuwa na vipimo vya magurudumu ya ndege hiyo tangu mwanzo. Gemu ilikuwa ikisoma namba zilizosalia kwenye kumbukumbu, kwa bahati zikafaa miaka 20, mpaka Windows ilipobadilisha matumizi ya kumbukumbu hiyo. SilentPatch, rekebisho lake, inaponya.

Kama umejaribu yote na gemu bado inagoma, usiuze ile machine ya XP kwa bei ya vyuma. Ondoa Wi-Fi yake kabisa, ipitishe kwenye stabilizeta kwa sababu ya umeme wetu, na flashi ikitoka humo ikaguliwe virusi kabla ya kuingia kwenye kompyuta mpya.