Jinsi ya kupima kumbukumbu ya muda mfupi kwa tarakimu

Majuzi nilikaa na wanafunzi wawili wa saikolojia hapa Nairobi ambao matokeo yao yalikuwa yamegongana. Orodha zao zilikuwa zilezile na darasa lilikuwa lilelile, lakini waliopimwa na mmoja walikumbuka tarakimu nyingi kuliko waliopimwa na mwenzake. Kilichotofautiana ni sauti za wasomaji. Nimeandika utaratibu mzima kwa ajili ya wengine wanaoanza.

Utahitaji kompyuta, Audacity (programu ya bure ya kurekodi na kukata sauti), vipokea sauti vya masikioni, karatasi na penseli. Programu za simu zinazojidai kupima ubongo achana nazo. Zinakupa alama bila kukuonyesha mtu alikosea wapi, na kosa ndilo lenye habari.

Hatua ya 1: Idhini. Mweleze mshiriki kazi yenyewe, yaani kusikiliza tarakimu na kuzirudia kwa mpangilio uleule, atie sahihi, umpe namba badala ya jina. Ikiwa ni utafiti wa shahada, pata kwanza idhini ya kamati ya maadili na leseni ya NACOSTI, tume ya taifa ya sayansi na teknolojia.

Hatua ya 2: Orodha. Tumia 1 hadi 9, orodha mbili kwa kila urefu, kuanzia tarakimu 3 hadi 9. Tarakimu isijirudie ndani ya orodha. Ondoa mifuatano kama 4-5-6, na chochote ambacho Mkenya anakijua tayari: 254 ya simu, 1963 ya uhuru. Anayesikia 1-9-6-3 habebi vitu vinne, anabeba kimoja. Mwanasaikolojia George Miller alilieleza hilo mwaka 1956: tunabeba mafungu kama saba, na fungu moja laweza kuwa na tarakimu kadhaa. Mkimbiaji mmoja wa Marekani, Steve Faloon, aliyetajwa kwa herufi S.F., alifikisha tarakimu 79 katika utafiti uliochapishwa mwaka 1980. Alizigeuza kuwa muda wa mbio: 3492 kwake ilikuwa maili moja kwa dakika 3 na sekunde 49.2.

Hatua ya 3: Lugha. Chagua moja, usichanganye. Kwa Kiswahili, moja hadi tisa zote zina silabi mbili. Kwa Kiingereza ni 7 pekee. Mwanasaikolojia Baddeley na wenzake walionyesha mwaka 1975 kwamba mtu hukumbuka takriban maneno anayoweza kuyatamka kwa sekunde 2. Kwa hiyo usilinganishe matokeo ya Kiswahili na viwango vya Marekani. Muulize pia mshiriki hutaja namba ya simu kwa lugha gani, uandike jibu.

Hatua ya 4: Kurekodi. Hapa ndipo wale wawili walipotofautiana. Mkenya akisoma tarakimu, ulimi unampeleka kwenye namba ya simu: anasoma tatu au nne, sauti inashuka, anapumua, anaendelea. Msikilizaji amekwisha kufungiwa mafungu, na alama zinapanda bila kumbukumbu yake kubadilika. Kujiambia "nitasoma kwa sauti moja" hakusaidii, maana ukichoka tu mkato unarudi.

Kwa hiyo usisome mbele ya mshiriki. Rekodi kila tarakimu mara moja, kisha unda orodha zote kutokana na vipande hivyo tisa. Usiitamke peke yake, kwa sababu neno la peke yake huishia na sauti ya kushuka kama mwisho wa sentensi. Iweke katikati ya nyingine mbili: "nane, tano, nane", ukate ile ya katikati. Ukisogeza karibu picha ya sauti kwenye Audacity utaona mahali "s" ya sita inapoanza, mkwaruzo mwembamba kabla ya irabu. Kata kabla yake. Ukiukata mkwaruzo, watu watasikia "ita".

Halafu mpangilio. Kasi ni tarakimu moja kwa sekunde, na sekunde hiyo huhesabiwa kutoka mwanzo wa tarakimu hadi mwanzo wa inayofuata. Wengi huweka kimya cha sekunde nzima katikati, na tayari jaribio limepungua kasi. Anza vipande kwenye sekunde ya 0, 1, 2, 3, bila kujali kila kimoja kina urefu gani. Mwisho, sawazisha ukubwa wa sauti, umpe mwenzako asikilize orodha ya tarakimu 7 na umuulize imegawanyika wapi. Akitaja mahali, rudia kurekodi.

Hatua ya 5: Chumba. Ngurumo ya jenereta isiyobadilika ina nafuu kuliko watu wanaoongea. Maneno huvuruga kumbukumbu hii hata yakiwa ya lugha asiyoijua mshiriki. Epuka chumba kinachotazama stendi ya matatu, na redio ya mlinzi izimwe.

Hatua ya 6: Kupima. Ongeza urefu wa orodha tarakimu moja moja, na usimamishe akikosa orodha zote mbili za urefu mmoja. Alama ni urefu mkubwa aliopata angalau orodha moja. Andika kila alichosema, hata kikiwa kosa: aliyebadilishana nafasi za 4 na 9 hakukosea kama aliyesahau 4 kabisa.

Kisha rudia kwa orodha mpya huku mshiriki akisema "la, la, la" kwa sauti ya chini wakati anasikiliza. Alama zitashuka, kwa sababu umemnyima nafasi ya kujirudia tarakimu kichwani. Akikuambia alizitazama kama picha, liandike pembeni mwa alama zake.