Kupima nguvu ya kigimbi: mkono peke yake hautoshi

Wadau wa fiziotherapia, ukishika dinamomita (kifaa cha kupima nguvu ya msuli) kwa mkono ukamwambia mtu akusukume kwa unyayo, namba utakayopata ni ya mkono wako sio ya kigimbi chake. Kigimbi kinambeba mtu mzima akisimama kwa vidole vya mguu mmoja, wewe utakizuia na nini? Nilikuwa na winga anayepona kano ya Achilles (ile ya nyuma ya kisigino), nikampima, miguu yote ikaja sawa nikafurahi, kumbe ule mguu usioumia ulikuwa unanirudisha nyuma, kiwiko changu kinakunja, sikuufikia mwisho wa nguvu yake. Alivosimama ainue kisigino kwa mguu ulioumia, mara sita tu ukaanza kutetemeka. Nilishamwandikia arudi mazoezini, ikabidi niichane ile karatasi.

Kwa hiyo tafuta mkanda usiovutika, hata ule wa kufungia mizigo wenye kufuli unafaa. Sukuma kitanda mpaka ukutani, mtu akae mgongo umeegemea ukuta, goti limenyooka, unyayo umesimama wima. Kifaa kiweke chini ya shina la vidole, sio katikati ya wayo, mkanda upite juu yake uende kufungwa kwenye miguu ya kitanda upande wa ukutani, ukaze mpaka usilegee kabisa. Kazi ya mkono wako ni kuzuia kifaa kisiteleze tu. Na cheki kwanza kifaa kinapima mwisho ngapi, mana kigimbi cha mwanamichezo kinaweza kupita hapo.

Mpe majaribio mawili mepesi, alafu asukume taratibu akipandisha nguvu, ashikilie sekunde 5, we unasema "sukuma sukuma" kwa sauti ileile kila mara. Mara 3, apumzike dakika moja katikati. Akinyanyua kiuno au akikunja goti, futa hiyo rudia. Akisikia maumivu, acha.

Pima pia umbali kutoka kifundo cha mguu hadi kilipo kifaa, uzidishe na nguvu uliyosoma: niutoni (kipimo cha nguvu) 500 kwa mita 0.15 ni niutoni mita 75. Bila hivo mwenye unyayo mrefu na mwenye mfupi huwezi kuwalinganisha. Kifaa kikisoma kilo, zidisha kwa 9.81 kwanza.

Alafu kabla hujaanza na wagonjwa, pima wenzako watano wazima leo, rudia wiki ijayo saa ileile. Namba za kila mmoja za leo na za wiki ijayo zitapishana kidogo, na hiyo tofauti ni ya upimaji wako, so mgonjwa akiongezeka chini ya hapo usimwambie bado kwamba ameimarika.